Misumari ya Kunyoosha

Mpwa wangu, wewe umekulia katika kanisa la kadi ya zaka na bahasha yenye namba, kwa hiyo sikulaumu ukidhani kwamba kutoa ni fedha tu. Sisi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha tulikuwa nazo kidogo, na hizo kidogo hazikuwa na cha kununua. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Sukari, sabuni na kanga vilipangiwa foleni kwenye duka la kaya, na asiyetaka foleni alimfuata mlanguzi gizani akalipa atakachotajiwa. Kikapu cha sadaka kilipopita kililia kama njuga, kwa zile senti hamsini zenye sungura na shilingi zenye sura ya Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili. Aliyedondosha sarafu ya shilingi tano, ile yenye pembe kumi, aligeukiwa na benchi zima.

Kigango chetu kilikuwa nje kidogo ya Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro: paa la mabati, kuta zilizoishia kiunoni kwa kukosa saruji, na mabenchi ya mbao za kuokotwa huku na huko. Askofu mkuu wetu alikuwa Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuvikwa kofia ile nyekundu katika nyakati hizi, lakini sisi tulimjua zaidi kwa picha iliyotundikwa ofisini kwa paroko. Padre alitufikia dizeli ikipatikana. Isipopatikana, katekista aliongoza ibada na maisha yakaendelea. Ndiyo maana lile walilokubaliana maaskofu wa AMECEA kule Nairobi mwaka 1976, kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, kwetu halikuhitaji semina. Bila jumuiya tusingekuwa na chochote. Tulikutana nyumba kwa nyumba, Wapogoro, Wangoni, Wahaya na Wachaga, tukibanana kwenye mikeka huku moshi wa koroboi ukituchoma macho, na kila mtu akajulikana kwa kile mikono yake ilichoweza. Alikuwapo nesi wa zahanati aliyefunga vidonda vya mtaa mzima baada ya saa za kazi. Alikuwapo mama mmoja wa WAWATA aliyefumua magauni yake mwenyewe akawashonea mabinti nguo za komunyo ya kwanza, maana kitambaa cheupe hakikuonekana dukani. Nami, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nikapewa daftari.

Lakini ninayetaka kukusimulia ni yule mzee seremala.

Alikuwa Mngoni, mrefu, amepinda mgongo kidogo kwa miaka ya kuinamia meza ya kazi, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatikia kwenye kiungo cha kwanza. Ufundi aliupata ujanani Peramiho, kwenye karakana za watawa Wabenedikto, na mpaka uzeeni akimkemea mtoto alichanganya Kingoni na maneno mawili matatu ya Kijerumani ambayo sisi tuliyadhania kuwa matusi. Karakana yake ilikuwa chini ya mwembe. Ukikaribia, harufu ilikupokea kabla yake mwenyewe: utamu wa mninga, ukali wa vumbi la mvule linalowasha pua, na gundi iliyokuwa ikichemka kwenye kopo la maziwa ya unga. Misumari ilikuwa haba kuliko nyama. Watoto waliing'oa kwenye mabokisi makuukuu yaliyotoka bandarini, wakamletea imepinda na kushika kutu, naye alikaa nayo jioni nzima juu ya kipande cha reli akiinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo ndogo. Mlio ule ndio uliotuambia kwamba mzee yuko nyumbani.

Kitanda, meza, kabati, hivyo alilipwa kama fundi mwingine yeyote, na hakuwa mwepesi wa kupunguza bei. Majeneza ndiyo aliyoyatenga. Jeneza la mjini liliweza kumeza mshahara wa mwezi na kuacha deni juu. Yeye, mfiwa akiwa na uwezo, alidai gharama ya mbao peke yake. Akiwa hana, hakudai hata hiyo, akatumia paini ya Sao Hill aliyoiweka akiba nyuma ya nyumba. Alipokwenda kupima maiti ya mtoto hakubeba futi. Alikata ufito, akaingia nao msibani kama mtu aliyeokota fimbo njiani, akasalimia, akaketi kidogo, na alipotoka ulikuwa umeshatiwa alama kwa ukucha. Mama wa marehemu hakuwa ameona kitu.

Sasa basi, akafa mlinzi mmoja, mlevi, ambaye kanisani hakuonekana hata Krismasi. Kamati ikakutana. Wapo waliosema, kwa sauti kubwa, kwamba asiyeshiriki jumuiya na asiyetoa zaka hastahili huduma ya jumuiya, la sivyo wote wataacha kutoa. Hoja ile unaijua, mpaka leo inazunguka maparokiani, na mimi sisemi kwamba haina kichwa wala miguu. Taa za kanisa haziwaki kwa maombi. Mjadala uliendelea mpaka chai ikapoa. Mzee akainuka, akajifuta vumbi la mbao magotini, akasema: "Habari za kengele na padre amueni ninyi. Bokisi lake nimeshalipiga randa." Akaondoka. Mlinzi akazikwa siku iliyofuata, na walioongea sana ndio waliobeba.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko majeneza. Mafundi wa zamani walikuwa wachoyo wa kazi zao. Kiungo kigumu walikikata ukiwa umetumwa maji. Mzee huyu Jumamosi alifungua karakana kwa kijana yeyote, hakuuliza dini wala ada, na kile kiungo cha mkia wa njiwa alikionyesha polepole, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mkono wako ukakubali. Mafundi wenzake walimnunia kwamba anaharibu soko. Paroko alipohubiri mfano wa talanta, ile sura ya 25 ya Mathayo, wengi tulisikia habari za faida na hasara. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mzee, nikidhani hapo ndipo atakapojitambua. Alikuwa amesinzia.

Alhamisi ile ya tarehe 12 Aprili 1984, siku tatu kabla ya Jumapili ya Matawi, redio yake ya mkulima ilikuwa imening'inia kwenye tawi la mwembe ilipotangazwa kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki kwa ajali barabarani, akitokea Dodoma. Randa ikasimama. Watu wakaja mmoja mmoja, Wakristo na Waislamu, wakaketi juu ya mbao bila kuitwa. Tulisali rozari, majirani wakainamisha vichwa. Kisha mzee akawasha karabai, maana kulikuwa na maziko kesho yake, na vijana wakashika misumeno.

Daftari langu lilikuwa na safu za shilingi na senti tu. Nilimwuliza paroko niandike wapi majeneza. Akasema jumla lazima ilingane na fedha zilizomo kwenye kopo. Kwa hiyo, ukilifungua leo daftari lile, utakuta kwamba mzee yule alikuwa mdaiwa sugu wa jumuiya yetu.

Alifariki baada ya ile ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya Septemba 1990. Wanawe, waliokuwa wamefanikiwa, wakamnunulia jeneza la dukani lenye vishikio vya kung'aa. Wanafunzi wake walisimama pembeni, na mmoja akapitisha kidole chini ya ukingo wa kifuniko, akamtazama mwenzake, wasiseme neno. Wa Kiislamu kati yao ndiye aliyechonga jeneza la kubebea maiti la msikiti wa mtaa wetu. Mwingine alikwenda mjini, hatukumsikia tena. Wa tatu ana karakana Keko. Kijana anayetaka kujifunza humpokea bila ada, ila kazi yake haitoi bure kwa yeyote, na hutaka nusu mbele. Kitanda chako cha harusi kilitoka kwake. Baba yako alilipa taslimu, na hakupunguziwa.