Mikono Saba

Kazi iliingia saa nne usiku: kurasa nane za fizikia, zifike kabla ya saa mbili asubuhi. Bosi hakuuliza kama ninaweza. Aliandika tu, "Hii ni yako, si ulisomaga fizikia?"

Nilisoma, ndiyo, hadi mwaka wa pili. Kisha karo ikanishinda nikatoka kimyakimya, bila barua, bila hata kumuaga jamaa tuliyekuwa tukilala chumba kimoja. Mwaka wa nne sasa nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mama anajua "ninafanya kazi ya kompyuta", na sijamsahihisha.

Mada: jinsi ulinganifu wa ladha unavyosaidia nadharia ya supasimetria kutatua matatizo ya ngazi. Ladha! Neno hilo Gell-Mann na Fritzsch walilitoa kwenye duka la aiskrimu kule California. Maana yake ni aina ya chembe tu. Nilikuwa nimelisahau kabisa.

Shida yenyewe ni hii. Elektroni ina ndugu wawili, muoni na tau. Chaji yao ni moja, tabia ni zilezile, ila muoni ni nzito mara 207 na tau karibu mara 3,500. Kwa kwaki ni balaa zaidi: topu inaizidi apu kama mara 80,000. Wote wanapata uzito wao kwa Higgs. Sasa mbona mmoja apewe gunia na mwenzake punje?

Mwaka wa 1979 Froggatt na Nielsen walitoa jibu ambalo lilinifanya nisimame nitembee chumbani, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Topu inamfikia Higgs moja kwa moja. Chembe nyepesi zina chaji ya ladha inayozizuia, kwa hiyo lazima zipitie kwa mawakala, na kila mkono unabakisha kama moja ya tano. Mikono saba, umebaki na sehemu moja kati ya 78,125. Hakuna aliyepanga namba ndogo ya ajabu namna hiyo. Ni kuhesabu mikono tu.

Hesabu hiyo naijua. Mteja hulipa dola 20 kwa ukurasa. Mwenye akaunti anakata, aliyeikodi anakata, bosi anakata, na mimi naona shilingi 350.

Ngazi ya pili ni ndefu kuliko hiyo. Higgs iliyopatikana CERN mwaka wa 2012 ina uzito wa kama protoni 133, wakati hesabu za kwanta zinauvuta uzito huo kuelekea juu, hadi mara moja na sufuri 17. Supasimetria inaipa kila chembe mwenzi anayefuta mchango wake. Safi. Lakini ukialika wageni wengi, na fujo zao zinaingia. Wenzi wa elektroni na muoni wakichanganyika ovyo, muoni ingekuwa inageuka kuwa elektroni na kutoa mwale wa gama, kitu ambacho majaribio yamekitafuta miaka mingi bila kukiona. Hapo ndipo ladha inarudi: ulinganifu uleule unaopunguza uzito mkono kwa mkono unaweza kuwapanga hao wenzi wakae na watu wao. Tena kuna namba iitwayo myu, ambayo supasimetria yenyewe haiizuii kuwa kubwa kupita kiasi. Chaji za ladha zinaweza kuilazimisha nayo ipite kwa mawakala.

Niliandika pia kwamba hadi sasa mashine ya CERN haijamnasa mwenzi hata mmoja. Wateja hawapendi habari kama hizo, lakini ningeificha vipi?

Saa tisa stima ikapotea. Nikamalizia kwenye simu, kidole gumba kikiuma, na kusema kweli sikuwa nimefurahi hivyo tangu nitoke chuo.

Asubuhi bosi alileta ujumbe: mteja anauliza kama mwandishi ana PhD. Na pale kwenye ukurasa wa tano, mfano wa mawakala na pesa utolewe, mwalimu wake atashuku.

"Mwambie niko nayo," nikajibu.

Nikautoa mfano, nikauweka kwenye faili nyingine. Ijumaa zikaingia shilingi 2,800. Wakala pale chini naye akakata yake.