Oili ya Injini Ikiongezeka Yenyewe, Usifurahi



Wiki hii tuache kidogo habari za mbegu na mbolea. Msimu wa vitunguu umefika, pikapu na kenta zinapishana barabarani usiku na mchana, na wengi wenu mmeniuliza kuhusu gari za mizigo. Nataka tuzungumzie jambo moja tu: dizeli kuingia kwenye oili ya injini. Mimi nilijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe alilipa mtu mwingine.

Miaka michache iliyopita kaka yangu alinunua pikapu ya dizeli iliyotumika. Fedha zilitoka kwenye vitunguu vya misimu miwili, na nyingine shemeji alikopa VICOBA. Kazi ya gari ilikuwa kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, kupandisha Kitonga hadi Iringa mjini.

Asubuhi moja kaka akaniita, akanionyesha kijiti cha kupimia oili.

"Mdogo wangu, wewe umesoma. Wiki mbili zilizopita oili ilikuwa katikati ya alama. Sijaongeza hata tone, lakini leo imepita alama ya juu. Hii ni sawa?"

Mimi nina stashahada ya kilimo. Injini sikusomea. Lakini nilishazoea kuulizwa na kujibu, nikaona aibu kusema sijui. Nikamwambia, "Kaka, ubaya ni ikipungua. Hii injini hailagi oili. Umepata gari zima."

Akafurahi. Siku hiyo hiyo akamwambia na shemeji.

Hazikupita wiki tatu. Akiwa katikati ya Kitonga na gunia 10, taa ya oili ikawaka, injini ikaanza kugonga, kisha ikazima na haikuwaka tena. Vitunguu vikahamishiwa gari la kukodi, na sehemu kubwa ya mauzo ikaishia kwenye nauli na kuvuta gari. Fundi alipofungua, oili ilimwagika kama maji na kunuka dizeli. Beringi za krenki zilikuwa zimekwanguka. Nozeli moja ilikuwa inatiririsha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu.

Fundi akauliza, "Hii oili ilikuwa inaongezeka. Hamkuona?" Kaka akanitazama, akanyamaza. Mpaka leo hajawahi kunilaumu. Mkopo shemeji aliumalizia kwa kuuza mbuzi wake.

Sasa tuingie kwenye somo. Kumbuka kanuni hii: oili ndani ya injini hupungua au hubaki pale pale. Ikiongezeka bila kuongezwa, kuna kitu kingine kimeingia.

Namna ya kupima

1. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Kama injini imetoka kufanya kazi, izime usubiri dakika 10. Toa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha kitoe na usome. Andika kwenye daftari tarehe na usawa wa oili. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya.

2. Nusa kijiti. Oili ya injini ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida, hivyo rangi isikutishe. Harufu kali ya dizeli ndiyo ya kukushtua.

3. Sugua tone kati ya vidole viwili, injini ikiwa imepoa. Oili nzuri ina utelezi mzito. Yenye dizeli ni nyepesi. Lakini masizi nayo huifanya oili kuwa nzito, kwa hiyo wepesi pekee usiutegemee.

4. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, na pembeni tone la oili mpya ya aina ile ile. Acha saa chache. Ukiona la gari lako limezungukwa na duara pana la mafuta mepesi lililoenea kuliko la oili mpya, ni dalili ya dizeli. Ni dalili tu; iunganishe na nyingine.

Usipime kwa kuwasha kiberiti. Nyumba itaungua bure.

Usichanganye na maji. Maji yakiingia, oili huwa na rangi ya chai ya maziwa, na mara nyingi maji ya rejeta hupungua. Hilo ni tatizo jingine, huenda gasketi. Pia muulize aliyemwaga oili mara ya mwisho: huenda alijaza kupita kiasi tangu mwanzo.

Dizeli inatoka wapi?

Mara nyingi ni nozeli inayovuja. Dizeli isiyoungua huosha kuta za silinda na kuteremka kupitia kwenye ringi. Injini inaweza kuwa ngumu kuwaka, kutetemeka au kutoa moshi mwingi. Sababu nyingine ni sili za pampu ya dizeli iliyofungwa kwenye injini, au mipira ya kurudishia dizeli, ambayo kwenye baadhi ya injini iko chini ya kava la juu. Ringi zilizochoka na kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama huongeza tatizo. Magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi nayo hupata shida hii yakitumika kwa safari fupi fupi tu.

Ukishagundua, ufanye nini?

Simamisha gari. Usipunguze oili iliyozidi ukaendelea na safari, maana iliyobaki bado ni nyepesi na haiwezi kulinda beringi. Peleka nozeli na pampu kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Rekebisha chanzo kwanza, ndipo umwage oili yote na kubadilisha filta. Ukibadilisha oili peke yake, utakuwa unachota maji kwa pakacha. Na oili chafu usiimwage kwenye mfereji wa kumwagilia.

Kuna hatari nyingine. Oili ikizidi sana, injini inaweza kuivuta na kuiunguza kama mafuta, ikapiga kelele kwa kasi na kukataa kuzimika kwa ufunguo. Kwa gari la gia za mkono, weka gia kubwa kabisa, kanyaga breki kwa nguvu, uachie klachi izime. Usiweke mkono kwenye injini.

Mwaka jana mkulima mmoja aliniletea swali lile lile la kaka, safari hii kuhusu pawatila yake. Nilimjibu, "Izime, usiiwashe tena. Twende kwa fundi." Ilikuwa nozeli. Alibadilisha nozeli, oili na filta, akamaliza kulima shamba lake.

Kesho asubuhi, kabla hujapakia mzigo, pima oili na uandike. Na siku ukiniuliza nisilolijua, nitakujibu sijui, kisha tutamtafuta anayejua. Kaka yangu alistahili jibu hilo.