Jani la Chai Halisubiri Bei

Chai ilipandwa Kyimbila, jirani na Tukuyu, mwaka 1904, Wajerumani wakiwa bado watawala na mji wenyewe ukiitwa Neu Langenburg. Kwa miongo mingi ilikuwa zao la mashamba makubwa. Mkulima mdogo wa wilaya hiyo, Rungwe, aliingia kwa wingi baada ya Uhuru, na aliyemwingiza ni serikali.

Mwaka 1968 iliundwa Mamlaka ya Chai Tanzania. Ikaleta miche, mabwana shamba na mbolea ya mkopo, ikatuma malori kuchukua majani, ikaendesha viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Bei nayo ilipangwa huko huko juu. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia Katumba katika miaka hiyo, na nyumbani kwao hakuna aliyeliita jambo hilo sera. Lilikuwa ndiyo maisha: karo, sare na bati la nyumba vilitoka kwenye chai.

Anachokikumbuka zaidi ni banda la kupimia majani. Kina mama walifika na makapu mgongoni tangu asubuhi, majani mawili na ncha, yakiwa bado na umande. Yakamwagwa, yakapimwa, karani akaandika kilo kwenye kadi na kukata kidogo kwa ajili ya maji. Kisha likasubiriwa lori. Mvua za Tukuyu zinajulikana, na barabara za udongo wa volkano huteleza mno zikilowa. Lori likichelewa, mtoto akizamisha mkono ndani ya lundo alihisi joto, kama mgonjwa wa homa. Majani ya katikati yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na watu wazima wakasema yameungua. Jasho la siku nzima liliishia hapo.

Joto lile linaeleza uchumi wa chai kuliko hotuba nyingi. Mahindi huwekwa ghalani hadi bei ipande, na kahawa iliyokaushwa hustahimili miezi. Jani bichi la chai hutakiwa kiwandani ndani ya saa chache, kwa hiyo mkulima hana muda wa kubishana na mnunuzi. Mwenye kiwanda kilicho karibu ndiye soko lote.

Kufikia miaka ya 1990 Mamlaka ilikuwa imeishiwa nguvu. Viwanda vilichakaa, malipo yakachelewa kwa miezi, na mashamba mengi yakaachwa hadi michai ikawa miti. Sheria ya chai ya mwaka 1997 ikatenganisha majukumu: Bodi ya Chai isimamie, wakala wa wakulima wadogo uwaendeleze wakulima, na biashara ifanywe na kampuni. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli vikaenda kwa Wakulima Tea Company, ambamo kampuni ya chai ya TATEPA ilishika hisa nyingi na chama cha wakulima wadogo wa Rungwe kikapata sehemu yake.

Mabadiliko yalionekana haraka, na kuyakana itakuwa dhuluma. Malipo yakaja kwa wakati. Mbolea ikarudi kwa mkopo, ikikatwa kwenye majani. Chama kikapata cheti cha Fairtrade, na ziada yake ikajenga madarasa na kukarabati barabara za vijijini.

Halafu akaja mnunuzi wa pili. Aliongeza bei kwa kilo na kulipa taslimu, bila kukopesha mbolea. Ukoo mmoja uligawanyika: kaka akabaki na mkataba wa zamani, mdogo wake akapeleka majani kwingine huku deni la mbolea likiwa halijalipwa. Wapo waliosema huo ndio ushindani, mkulima aachwe achague. Wengine waliitaka serikali igawe maeneo ya ununuzi. Kila upande ulikuwa na hoja nzito, maana bila mnunuzi wa pili bei hulala, na bila mkataba unaoheshimiwa hakuna atakayemkopesha mkulima mfuko wa mbolea msimu ujao.

Kenya ilipita njia nyingine. Mamlaka yake ya chai ya wakulima wadogo, iliyoanzishwa mwaka 1964, iligeuzwa kampuni mwaka 2000, na viwanda vikabaki mali ya wakulima wenyewe. Malalamiko ya bonasi hayaishi huko, lakini mkulima hulalamika akiwa mwenye hisa.

Siku hizi, njiani kuelekea Tukuyu, parachichi limeingia hadi kando ya michai. Limesukumwa zaidi na soko, kampuni zikinunua kwa ajili ya Ulaya. Tunda hili humwachia mkulima siku kadhaa za kuuliza bei kwingine, ila nalo lina tatizo ambalo soko peke yake halilimalizi: dalali akifika mapema, mwenye shida huchuma machanga, na mzigo mbovu huharibu jina la wilaya nzima. Kenya hufunga msimu wa kuvuna kwa amri ya serikali kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa chai, Bodi hutangaza bei elekezi ya majani mabichi. Inasaidia, lakini bei iliyoandikwa haimfikishi mtu kiwandani. Kinachomfaa mkulima wa Mwakaleli ni barabara inayopitika masika, mizani inayokaguliwa na mtu asiyelipwa na mnunuzi, deni la mbolea linalomfuata mkopaji popote anapouza, na hisa za chama zenye sauti ndani ya bodi ya kiwanda. Mawili ya kwanza ni kazi ya serikali, na hakuna kampuni itakayoyafanya kwa hiari yake. Mawili ya mwisho yanahitaji wakulima waketi mezani kabla kiwanda hakijabadili mmiliki tena.