Tiketi Nyingi, Abiria Wachache

Reli ya Hiroo ilifungwa Februari 1987, nami nilikuwapo. Nilikuwa mwanafunzi wa kilimo Obihiro, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Reli hiyo ilianzia mjini kwetu ikaelekea kusini kilomita 84 hadi Hiroo, kando ya bahari, ikipita katikati ya mashamba ya viazi, maharage na ngano.

Stesheni yake iliyojulikana nchi nzima ni Kofuku. Yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao, jukwaa moja na njia moja ya reli, bila mfanyakazi hata mmoja. Sifa zake zilitokana na jina, maana kofuku ni furaha; na ukirudi nyuma stesheni mbili ulikuta Aikoku, jina linaloweza kusomeka kama nchi ya upendo. Shirika la utangazaji la NHK lilipoionyesha Kofuku kwenye televisheni mwaka 1973, tiketi ya kutoka Aikoku hadi Kofuku ikageuka hirizi ya wapenzi. Zikauzwa kwa mamilioni.

Wanunuzi wengi hawakusafiri nazo. Nimewaona wakija kwa magari, wakipiga picha, wakibandika tiketi na kadi zao ukutani hadi mbao zikafichika, kisha wakarudi kwa magari yaleyale. Waliopanda garimoshi, behewa moja tu la dizeli lenye rangi ya chungwa, walikuwa wengine kabisa: wanafunzi wa sekondari waliovaa sare nyeusi na bibi waliokwenda hospitali mjini. Kwao reli haikuwa pambo. Dhoruba ya theluji ikivuma katika tambarare ile ya Tokachi, dereva wa gari haoni hata mita chache mbele yake.

Lakini Shirika la Reli la Taifa lilikuwa limezama katika madeni, na sheria ya mwaka 1980 ilizipima reli za mashambani kwa wingi wa wasafiri. Reli 83 ziliorodheshwa ziondolewe mikononi mwa shirika. Ya Hiroo ikawamo, na mamilioni yale ya tiketi hayakuiokoa.

Safari za mwisho zilikuwa Jumapili, tarehe 1 Februari. Jukwaa la Kofuku lilifurika watu na kamera. Mama mmoja mkulima aliniambia kwamba nusu yao tu wangalikuwa wakipanda kila siku, reli ingalikuwa hai. Alisema kwa upole, lakini nilimwona amekasirika, na nadhani alikuwa na haki. Binti yake alikuwa hajamaliza shule. Tangu Jumatatu ile akawa mtu wa basi.

Wageni wangali wanakwenda Kofuku. Kibanda kilijengwa upya mwaka 2013, na mabehewa ya zamani yamesimama palepale. Nashukuru kwamba pametunzwa. Ningependa tu katikati ya tiketi zile pabandikwe pia ratiba ya garimoshi la asubuhi, lile la watoto wa shule.