Daftari Langu na Nywila 34 za Wenzangu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nimerudi, na sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Wiki iliyopita binamu yangu, aliyejiunga na chuo kikuu mwaka huu, alinipigia simu. "Kaka, mtandao huku ni mbovu. Nikutumie nywila yangu kwa WhatsApp unisajilie masomo?" Nilikataa haraka mno hata akadhani nimekasirika. Nikamwahidi kwamba nitamweleza sababu. Haya basi, sababu ni hii.

Turudi mwaka wa 2018. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisomea sayansi ya tarakilishi. Chuoni kwetu kila kitu kilikuwa kwenye tovuti ya wanafunzi: masomo ya muhula, nafasi ya hosteli, salio la karo, matokeo na kadi ya mtihani. Vyote hivyo ulivifungua kwa nambari yako ya usajili na nywila, yaani neno la siri. Siku za kusajili masomo tovuti ilikuwa haifunguki mchana, maana maelfu tuliivamia kwa pamoja. Mimi nikagundua kwamba saa nane usiku, ukiwa kwenye maabara ya tarakilishi, mambo yanakwenda mbio. Siri hiyo haikukaa. Wenzangu wakaanza kuniletea nambari na nywila zao niwasajilie, shilingi 50 kwa kila mtu. Nikawa naziandika kwenye daftari.

Zilifika 34. Nilikuwa mwaminifu, na hilo nalisema bila haya. Sikuchungulia matokeo ya mtu wala salio lake. Ila jambo moja sikuweza kutoliona: watu 21 kati ya hao walikuwa bado wanatumia nywila waliyopewa siku ya kwanza chuoni. Na nywila yenyewe ilikuwa ile ile nambari ya usajili! Nambari ambayo tuliiandika kwenye karatasi ya mahudhurio kila somo, darasa zima likiisoma.

Kisha daftari likapotea. Nadhani niliteremka kwenye matatu nikaliacha kitini. Nililitafuta siku mbili, nikaliulizia stejini, halikuonekana. Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa kuliko lile la kwanza: nilinyamaza. Niliona aibu. Mtu wa tarakilishi, kupoteza nywila za darasa! Nikajiambia kuwa aliyeliokota atalitumia kufungia njugu.

Wiki tatu baadaye msichana mmoja wa darasa letu alikwenda kuchapisha kadi ya mtihani. Masomo matatu kati ya sita hayakuwemo. Kuna mtu aliyekuwa ameingia kwenye akaunti yake na kuyafuta, na muda wa kusajili ulikuwa umekwisha. Alizunguka kutoka idara hadi kitivo hadi ofisi ya usajili. Kila mahali alijibiwa vilevile: mfumo unaonyesha umeyafuta mwenyewe. Masomo hayo alikuja kuyafanyia mitihani maalum miezi kadhaa baadaye, wenzake wakiwa likizoni.

Mpaka leo sijui kama ni daftari langu. Nywila yake ilikuwa ile ya siku ya kwanza, kwa hiyo yeyote mwenye karatasi ya mahudhurio angeweza. Nilipopata ujasiri wa kumweleza, hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Ungeniambia siku ile ile, ningeibadilisha." Ni kazi ya dakika mbili. Maneno hayo bado ninayo.

Msidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Nywila za tarakilishi zilianza kutumika vyuoni mapema sana. Katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1960, kikosi cha Fernando Corbató kilitengeneza mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia tarakilishi moja, kila mtu na nywila yake. Mwaka wa 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, aliona saa nne alizopewa kwa wiki hazimtoshi. Alifanya nini? Aliagiza mashine imchapie faili lenye nywila za watu wote, nayo ikamchapia. Faili lile na daftari langu ni ndugu wa tumbo moja: nywila nyingi, mahali pamoja, zikisomeka wazi.

Mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289. Asilimia 86 zilikuwa dhaifu: fupi mno, au maneno yaliyomo kwenye kamusi na orodha za majina. Walieleza pia njia ya kuzihifadhi ambayo sisi watengenezaji tunaiendeleza hadi leo. Nywila haihifadhiwi kama ilivyo, inasagwa kwanza. Mahindi unaweza kuyafanya unga, lakini unga huwezi kuurudisha kuwa mahindi. Ukiingia, mfumo unasaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Juu yake tunaongeza herufi za kubahatisha, ambazo kwa lugha yetu ya kazi tunaziita chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasiwe na unga unaofanana.

Lakini kusaga hakumsaidii mwenye nywila ya kubahatika kirahisi. Nambari yenye tarakimu nane ina uwezekano milioni 100 pekee. Mwizi akipata faili lililosagwa kwa njia za zamani, mashine yenye kadi nzuri ya michoro inazimaliza zote chini ya sekunde moja. Sasa chukua orodha ya maneno 2,000 ya Kiswahili, uchague manne kwa kubahatisha kabisa, kwa mfano "sufuria twiga deni mvua". Uwezekano unafika trilioni 16, nawe unayakumbuka. (Huo mfano usiuchukue, nimeshautangaza!)

Kwa hiyo, binamu, fanya hivi:

1. Nywila uliyopewa na chuo ibadilishe leo, kabla ya kusajili chochote.
2. Ya chuo iwe ya chuo peke yake. Ukiitumia pia kwenye barua pepe, anayepata moja amepata zote.
3. Barua pepe ndiyo inayorudisha nywila zilizosahaulika, basi ilinde kuliko zote. Washa uthibitisho wa hatua mbili.
4. Ukitumia mashine ya saiba au maabara, usikubali kivinjari kikumbuke nywila, na utoke kwenye akaunti kabla ya kusimama.
5. Zikiwa nyingi, tumia programu ya kuzitunza kama KeePass au Bitwarden. Daftari hapana.
6. Ukishuku imevuja, badilisha kwanza, maswali baadaye. Na kama umevujisha ya mtu mwingine, mwambie saa hiyo hiyo.

Mtu akisema ni mzaha tu kuingia kwenye akaunti ya mwenzake bila ruhusa, mkumbushe Sheria ya Kenya ya Uhalifu wa Mtandao ya 2018: faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Na sisi watengenezaji tusijifiche nyuma ya wanafunzi. Mfumo unaompa mtu nywila inayojulikana na darasa zima, kisha usimlazimishe kuibadilisha siku anapoingia mara ya kwanza, umejengwa vibaya. Siku hizi ndilo jambo la kwanza ninalolijaribu ninapopewa mradi.

Nambari ya siri ya M-Pesa hatumpi hata ndugu wa damu, wala hakuna anayetuita wachoyo. Ya chuo tunaitoa kwa sababu tunamwamini rafiki. Wenzangu waliniamini, na hawakukosea kuniamini. Ila daftari halina uaminifu. Linafunguka kwa yeyote.

Binamu yangu hatimaye alisajili mwenyewe, mimi nikiwa kwenye simu nikimwelekeza. Ilichukua dakika 20 na bando yangu karibu iishe. Nywila yake siijui.

Wewe je, bado unatumia ile ya siku ya kwanza? Ibadilishe kabla hujafunga ukurasa huu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.