Kuyakomaza Maji

Atakaye kufuga kuku hujenga banda kwanza. Atakaye kufuga nyuki hutundika mzinga. Lakini wewe, msomaji wangu, ukitaka kufuga uduvi wa maji baridi, una kazi moja iliyo ngeni kwa wafugaji wengi. Yakupasa kuwafuga kwanza viumbe usioweza kuwaona kwa macho, na kuwalisha kwa majuma manne au sita, kabla hujatia uduvi hata mmoja majini.

Uduvi ninaosema habari zao si wale wa pwani waanikwao juani. Ni wakazi wa maziwa na mito ya bara. Wataalamu huwaita Caridina nilotica, na Wajaluo wa ufuko wa Ziwa Viktoria huwaita ochonga. Ni wafupi kuliko njiti ya kiberiti, na miili yao yapenya nuru hata chakula huonekana kikipita ndani. Wavuvi wa omena huwapata wavuni usiku pamoja na samaki wao, nao wengi huishia kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Wangu waliepushwa na mwisho huo. Walipanda basi Kisumu, ndani ya mtungi, wakashuka Nakuru, mahali ambapo hodhi la kioo la lita 40 lilikuwa likiwangoja tayari.

Kwa nini lingoje? Kila mnyama wa majini hutoa taka, na taka ya uduvi, pamoja na mabaki ya chakula chake, huzaa amonia. Amonia waijua: ni ile harufu ikupigayo puani uingiapo katika banda la kuku lisilosafishwa. Ziwani hutawanyika na kutumiwa. Hodhini haina pa kwenda. Kiumbe akaaye ndani ya maji hayo huungua polepole katika mashavu yake ya kupumulia. Nimeona watoto wakilia juu ya hodhi jipya ambalo wanyama wake wote walikufa katika juma la kwanza, na maji yake yang'aa kama machozi yao. Walidhani ni maradhi. Muuzaji alikuwa amewaambia watie maji na wanyama siku moja! Neno hilo huniudhi, maana muuzaji ajua, na mtoto hajui.

Wanaoiondoa amonia ni bakteria, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza huila amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili huila nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo uduvi huivumilia ikiwa kidogo, na mimea huipenda kama mbolea. Bakteria hawa hawaelei sana majini. Hushikamana na mchanga, mawe na sifongo ya kuchujia. Kwa hiyo waweza kubadili maji bila kuwafukuza, lakini ukiuosha mchanga kwa maji ya bomba yenye klorini, umewaua walinzi wako.

Jambo hili lilidhihirishwa Ufaransa mwaka 1877. Wanakemia wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga. Siku nyingi hazikuleta badiliko lolote. Kisha, zilipotimu kama siku 20, nitrati ikaanza kutokea. Walipotia mvuke wa klorofomu, kazi ikakoma. Wakatambua kwamba mchanga wenyewe hautendi neno, bali kuna kitu hai ndani yake. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1890, Mrusi Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga viumbe hao. Afugaye uduvi leo hurudia jaribio la Wafaransa wale dirishani pake, na hungoja kama walivyongoja wao.

Mimi hufanya hivi. Naosha mchanga wa mtoni, natia mawe, mimea, na sifongo isukumwayo hewa. Maji ya bomba nayaacha ndooni wazi siku nzima ili klorini itoke. Kisha kila siku natupa chembe chache za chakula cha samaki zioze, maana bakteria wasiolishwa hawaongezeki. Kwa dawa za kupimia naona amonia ikipanda, ikishuka. Nitriti ikipanda, ikishuka. Siku zote mbili zikikosekana kabisa, ilhali chakula kinaendelea kutiwa, maji yamekomaa. Konzi moja ya mchanga kutoka katika hodhi la zamani la rafiki hufupisha safari hii sana.

Hapa Bonde la Ufa pana jambo la kutahadhari zaidi. Maji yetu mengi yametoka katika miamba ya volkano, na yana magadi. Sasa, amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na magadi ndiyo yaamuayo. Katika maji ya nyuzi 25 yasiyoegemea asidi wala magadi, ambayo kipimo cha pH huonyesha 7, sehemu 6 tu katika 1,000 huwa kali. Kipimo kikifika 8, hupita 50. Kikifika 9, hupita 350. Amonia ambayo mfugaji wa mahali pengine angeidharau yaweza kuua Nakuru.

Tazama samaki mdogo wa Ziwa Magadi, aliyeletwa Ziwa Nakuru kuanzia mwaka 1953 ili ale viluwiluwi vya mbu. Maji ya kwao Magadi yana kipimo kama 10, na amonia haiwezi kumtoka vema mwilini. Basi yeye huigeuza kuwa urea, kama tufanyavyo wewe na mimi, ijapokuwa samaki wengi hawafanyi hivyo. Uduvi hana hila hiyo.

Maji hayo hayo yana floridi nyingi, iliyopaka meno ya watu wengi wa bonde rangi ya kahawia, na mara nyingi yana chokaa kidogo. Uduvi hujivua gamba kila akuapo, na bila chokaa gamba jipya halikazi. Mimi huchanganya maji ya mvua na ya bomba nusu kwa nusu, na kuacha kipande cha ganda la yai chini. Kitu kingine cha kuogopa ni shaba: ndoo iliyowahi kukorogewa mrututu wa kunyunyizia kahawa isikaribie hodhi, hata ikioshwa mara kumi.

Wala usimwage uduvi wa kigeni, wale wekundu wauzwao madukani, katika Mto Njoro au ziwa lolote. Kamba mwekundu wa Louisiana aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na baada ya miaka michache mimea ya chini ya maji ilikuwa imepungua mno. Yeye ametajwa kuwa sababu mojawapo.

Tia uduvi wachache kwanza, kumi hivi, na uwaingize polepole, ukiongeza maji ya hodhi katika mtungi wao kidogo kidogo kwa muda wa saa moja au mbili. Wakizoea, utamwona mama amebeba mayai chini ya tumbo lake, akiyapepea mchana na usiku kwa vijiguu vyake. Watoto watokapo ni wadogo mno, huwezi kuwalisha kwa mkono. Hukwangua ule utando mwororo uliokua juu ya mawe katika majuma ambayo hodhi lilikuwa tupu, na jirani zako wakikuuliza kwa nini wafuga maji.