Maji ya Jadotville

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama hapendi filamu za vita. Milio ya bunduki ilipoanza kwenye televisheni yetu, hapa mtaani kwetu Katuba, alikuwa akiinuka taratibu kwenda jikoni kusonga bukari, nami nikijisemea kwamba ndivyo walivyo wanawake wa umri wake. Sikumuuliza hata siku moja. Nilikuwa nimekwisha kumjibia moyoni mwangu, na jibu ambalo mtu amejipa mwenyewe ni gumu kulichungua upya.

Kisha nikaipata The Siege of Jadotville, filamu ya mwaka 2016 inayosimulia Septemba 1961, siku ambazo Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na kikosi cha Umoja wa Mataifa, Waayalandi wapatao 150, kikazingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mama alikulia Likasi. Mwaka ule alikuwa na miaka 9. Nilidhani ninamletea zawadi. Nikamkalisha kitini, binti yangu akaketi mkekani, nami nikaanza kueleza: huyu ndiye kamanda wao, Quinlan, wale ni mamluki, hapa walipigana siku 5. Nilikuwa ninamweleza vita mtu aliyevisikia kwa masikio yake. Leo nikikumbuka, naona haya.

Mama alitazama kimya, akikunja na kukunjua pindo la kikwembe chake. Hata milima hakuitambua, kwa maana picha zilipigwa Afrika Kusini. Mwanamke niliyemshika jina mle ndani ni Madame LaFontagne, mlowezi wa Kizungu. Waayalandi walipoanza kuhangaika kwa kiu, mama akauliza polepole: "Mayi ile, nani alikuwa anachota? Na bamama beko wapi?"

Nikamjibu kwa haraka kwamba hii ni filamu ya askari. Akanyamaza.

Usiku, tulipokuwa tukila, ndipo aliposimulia. Asubuhi ya pili ya milio ile, mama yake aliwaingiza watoto chini ya kitanda, akajifunga kikwembe mara mbili kiunoni, akachukua ndoo akatoka, kwa kuwa uji haupikwi bila maji. Alirudi na nusu ndoo. Nusu nyingine ilimwagika alipokuwa akikimbia. "Alilia juu ya ile nusu," mama alisema. "Juu ya masasi hakulia."

Nimekaa na ile nusu ndoo muda mrefu. Nilijiuliza kama kuondoka kwake sebuleni kulikuwa kuchoka kungoja: filamu baada ya filamu, hakuna mtu wa kwao aliyeingia. Au labda hapo nako ninamjibia tena.

Nikaanza kutafuta filamu nyingine. Tuliona Rebelle ya mwaka 2012, iliyopigwa picha hapa nchini, ambayo Rachel Mwanza alipewa kwayo tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin. Amecheza msichana anayetekwa na waasi na kushikishwa bunduki. Mama alifunika uso mara nyingi. Tukaona za mwongozaji Dieudo Hamadi: Maman Colonelle, inayomfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi akiwahangaikia wanawake na watoto walioumizwa, kisha En route pour le milliard. Hii ya mwisho inawafuata watu waliolemazwa katika vita vya siku 6, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Wanashuka mto kwa boti hadi Kinshasa kudai fidia yao, na wanawake waliopoteza miguu wamo mbele. Safari hii mama hakwenda jikoni. Alimnyoshea kidole mmoja wao, akasema, "Uyu namujua." Hajawahi kufika Kisangani.

Nikadhani nimeelewa: mwanamke humtafuta katika vita yule anayebeba. Lakini binti yangu alinitikisa. Yeye alikuwa amesimama wima mkekani siku tulipoona The Woman King, na wale wapiganaji wa kike wa Dahomey, akipiga makofi mpaka mwisho. "Mama," aliniambia, "mimi sitaki kila mara kuona wanawake wanaoumia." Sikuwa na la kumjibu. Naogopa kumnyima mkuki wake kwa ajili ya ndoo ya bibi yake, na naogopa pia asije akadhani kwamba aliyeshika ndoo alikuwa na moyo mdogo kuliko aliyeshika mkuki. Kati ya hayo mawili bado natangatanga.

Jumapili iliyopita mama mwenyewe aliomba tuirudie ile ya Jadotville. Sikueleza neno. Kiu ilipowashika askari, niliona macho yake yanahamia pembeni mwa picha, kule nyuma ya nyumba ambako kamera haikufika, na yangu yakafuata.

Binti yangu akageuka. "Nkambo, ile ndoo ilikuwa ya rangi gani?"

Katika miaka yangu yote sikuwahi kuuliza hivyo. Mama aliacha kukunja pindo. Alifikiri sana. "Ya bulu," alisema; kisha, baada ya kitambo, "ao nyeupe." Akaanza kusimulia upya, tangu kitandani, na filamu ikaendelea bila sisi.